Programu Zilizolala

Kabla sijafumbua macho niliisikia simu ya mwenzangu wa chumba ikilia njaa ng'ambo ya ukuta wa plaiwudi: mlio mfupi, kimya, mlio tena, kama kifaranga aliyesahauliwa nje. Nilijua ni yake kwa sababu yangu haikuwa na tabia ya kulia. Mimi nilikuwa fundi wa chaji. Ua mzima ulijua hivyo.

"Simu yangu iko nakufa tena, dada," akasema kutoka upande wake wa ukuta. "Dawa yake hakuna?"

Nikamwambia ailete nikishapiga mswaki.

Tulikuwa tunaishi pamoja Hai Malakal, mtaa mmoja wa Juba, katika chumba kimoja kilichogawanywa na plaiwudi, dirisha likabaki kwake na mlango kwangu. Jenereta ya mwenye nyumba iliwaka jioni, mafuta yakiwapo. Saa nyingine zote tulitegemea paneli moja ya sola juu ya bati na pawabenki moja tuliyoinunua kwa kuchanga, yenye ufa pembeni. Tuliitumia kwa zamu: leo yake, kesho yangu. Ugomvi mwingi kati ya watu wawili wanaoandika ungeweza kuanzia hapo, lakini sisi hatukuwahi kugombania pawabenki. Tulichogombania, au niseme nilichogombania mimi peke yangu moyoni, kilikuwa kingine.

Mimi ndiye niliyempeleka kwenye kikao chetu cha Jumamosi kule mtaa wa Juba Na Bari, tulikokuwa tunakusanyika watu watano, sita, kwa mama mmoja muuza chai, kusomeana tulichoandika. Nilikulia Kitale, nikasoma Kiswahili mpaka chuo, na nilikuwa nakifundisha katika shule moja ya binafsi mjini. Yeye alikulia Arua. Kiswahili chake alikiokota kwa madereva wa malori na kwa wateja wa duka la vitenge la shangazi yake. Nilimleta kama mtu anavyomleta mdogo wake kwenye sherehe: akae kando, ale, aone.

Jumamosi ya tatu akasoma. Alisoma kwenye simu, kwa sababu aliandikia simu, kwa dole gumba, akiwa amesimama dukani kati ya mteja na mteja. Ilikuwa sura kuhusu mama yake akipima karanga kwa kikopo cha maziwa, na jinsi alivyokuwa anaingiza vidole viwili ndani ya kikopo ili karanga zipungue, na jinsi vidole hivyo vilivyokuwa vinanukia karanga usiku alipomfunika mtoto. Ngeli hazikupatana hata kidogo. Alipomaliza, mama wa chai, ambaye kwa kawaida hajali tunachosoma, alikuwa ameshika birika hewani bila kumimina.

Nilikuwa na miaka mitatu kwenye riwaya yangu. Hakuna birika lililowahi kusimama kwa ajili yangu.

Wivu wangu haukuja kwa kishindo. Ulikaa ndani ukifanya kazi kimyakimya, siku nzima, nikiwa nafundisha, nikiwa nafua. Nilimsahihishia sentensi zake kwa upole mwingi. Zikirudi zimenyooka, nilifurahi kuona zimekufa kidogo. Naye alikuwa ananishukuru, kisha anazirudisha zilivyokuwa.

Halafu ukatoka mwaliko wa kambi ya waandishi huko Entebbe: miezi mitatu, chumba chako, meza yako, umeme usiokatika. Tuliomba wote wawili. Mimi ndiye niliyemfungulia anwani ya barua pepe, maana hakuwahi kuihitaji. Nilimwekea na mlio wake, mlio wa kengele ndogo. Akasema basi atakuwa anangoja kengele. Asiposikia kengele, hakuna habari.

Jibu langu lilifika Jumatatu jioni. Nilikuwa wa kwanza kwenye orodha ya akiba. Kama mmoja wa waliochaguliwa hatathibitisha kufikia Ijumaa saa sita mchana, nafasi yake itakuwa yangu. Niliisoma barua hiyo nimeegemea mlango, yeye akiwa uani anaosha vyombo na kuimba. Simu yake alikuwa amezima data tangu asubuhi ili kubana chaji. Sikumwambia kitu. Sikujua kama amechaguliwa, ila mwenye wivu hahitaji kuambiwa.

Asubuhi iliyofuata, ndiyo hiyo ya kifaranga, akaniletea simu.

Nilimfundisha kama nilivyowafundisha wengine uani. Nikamwonyesha kwamba ile tabia yake ya kuzifagia programu zote kwa kidole kila dakika haimsaidii, kwa sababu kila anapozifungua upya simu inaanza kazi kutoka mwanzo, na kuanza ndiko kunakokula chaji. Adui ni zile zinazoendelea kufanya kazi nyuma ya pazia, mtu amezisahau. Nikafungua mipangilio, nikashuka mpaka kwenye orodha ya betri, nikaanza kuzilaza moja moja. Ramani, lala. Hali ya hewa, ambayo Juba ni jua tu, lala. Mchezo wa kupanga peremende, lala. Alicheka, akasema mimi ni kama mama mwenye watoto wengi.

Kisha akaenda kuwasha mkaa, nami nikabaki na simu yake mkononi.

Barua pepe ilikuwa karibu na mwisho wa orodha. Haikuwa inakula chaji yoyote ya kutaja. Nilijiambia: hata hivyo haitumii. Nilijiambia: pengine hakuchaguliwa, na kama hakuchaguliwa, nimemkosesha nini? Nikailaza pamoja na wenzake. Kidole hakikutetemeka, na hilo ndilo linalonisumbua hadi leo.

Simu ikapona. Jumanne ilimaliza siku nzima, data ikiwa wazi. Jumatano ikafika jioni ikiwa na nusu. Alinitangaza ua mzima. Nesi wa chumba cha jirani akaleta yake, shangazi akatuma mbili kutoka dukani. Nilikaa kwenye kigoda nikilaza programu za watu, nikipewa karkadeh baridi, kile kinywaji chekundu cha maua, kwenye kikombe cha bati, na kila shukrani ilipita kooni kama mwiba wa samaki.

Alhamisi akaniuliza kama nimepata jibu kutoka Entebbe. Nikasema bado. Akasema kwake pia kengele kimya, na kwamba nikichaguliwa mimi atanibebea sanduku mpaka uwanja wa ndege, kwa kichwa, watu wa mizigo waone aibu. Alimaanisha. Nilimchukia kwa kumaanisha.

Ijumaa sikuwa na vipindi. Nilikuwa nimekaa kwenye meza yangu, kompyuta yangu ya zamani ikiwa imebakiza mstari mwekundu, nikihesabu saa kuelekea saa sita. Ilikuwa zamu yake ya pawabenki. Akaja akaiweka mbele yangu, imejaa, taa zote nne zikiwaka.

"Yangu hapana taka tena," akasema. "Wewe ilitengeneza simu, sasa inakaa siku mbili. Zamu yangu yote chukua. Andika kitabu, dada."

Akaweka na simu yenyewe mezani, kwa maringo, ili nione ilivyo na chaji, akatoka kwenda kuteka maji.

Nilichomeka kompyuta. Ukurasa ukawaka mweupe. Nilitaka kuandika kwa umeme ule na sikuweza hata neno moja. Nilichoona ni birika limesimama hewani. Saa tano na robo. Nilikaa. Saa tano na nusu nilichukua simu yake, nikaingia kwenye mipangilio, nikashuka kwenye orodha ya zilizolala, nikaiamsha barua pepe. Naapa kwamba hata wakati huo nilikuwa nikiomba isilie.

Kengele ililia kabla sijaiweka mezani.

Alikuwa mlangoni na ndoo. Akaitua, maji yakamwagika kwenye kizingiti, akaichukua simu kwa mkono uliolowa. Alisoma polepole, midomo ikifuatisha. Nilimwona uso ukifunguka. Kisha nikauona ukisimama.

"Hii barua ilikuja Jumatatu."

Nilikuwa nimemfundisha vizuri mno: alikwenda mwenyewe kwenye mipangilio, akasoma orodha ya zilizolala, akarudi kunitazama.

"Ulilaza hii, dada?"

"Ndiyo."

"Bahati mbaya?"

Alinipa mlango wa kutokea, wazi kabisa. Sijui kwa nini sikupita.

"Hapana," nikasema. Nikamwambia pia kwamba jibu langu nilikuwa nalo tangu Jumatatu hiyo hiyo, kwamba mimi ni wa akiba, na kwamba zimebaki dakika ishirini.

Nilingoja kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Yeye alifuta mkono kwenye kitenge na kusema neno moja la Kiarabu cha Juba, lile wanalomwambia mtu aliyejikwaa njiani.

"Malesh," akasema. Pole. Hapakuwa na kejeli ndani yake, na ndiyo maana liliniuma.

Akakaa kitandani kwangu kuandika uthibitisho. Mtandao ulikuwa ukija na kwenda. Niliona bega lake likifuata dole gumba. Aliandika, nadhani, mimi iko tayari nakuja, na mwili wangu wote ulitaka kumsahihisha, si kwa kumsaidia. Barua ikaondoka na makosa yake yote. Huko Entebbe wakaipokea kwa furaha.

Tuliishi pamoja wiki tatu zaidi. Tuliongea juu ya mkaa, maji, kodi. Pawabenki ilirudi kwenye zamu, siku yake, siku yangu, bila kukosea hata siku moja. Simu yake alianza kuilaza kifudifudi.

Asubuhi ya safari raksha, yaani bajaji, ilikuwa inanguruma nje ya geti. Nilimtazama akifunga sanduku, na niseme kweli, kwa kuwa sina sababu nyingine ya kuandika haya: niliona wivu hata juu ya zipu ile, ilivyofunga sawasawa. Nilisema nitabeba sanduku. Akasema dereva atabeba. Kisha, akiwa tayari amesimama, akanipa simu.

"Niangalizie kama betri iko vizuri. Njia ni ndefu."

Nilifurahi kama mtoto. Nilidhani ni msamaha. Nikafungua mipangilio, nikashuka. Barua pepe ilikuwa macho. Ramani alikuwa ameiamsha, ataihitaji Entebbe. Kwenye orodha ya zilizolala kulikuwa na mchezo wa peremende, hali ya hewa, na ya tatu niliyoikuta ilikuwa ile ya kutumiana ujumbe, ambayo hakuna aliyemwandikia humo isipokuwa mimi. Shangazi yake humpigia simu. Kikundi cha Jumamosi alikuwa ameshakiaga. Humo nilikuwa nimebaki mimi tu, na alikuwa amenilaza kwa mkono wake, kwa njia niliyomfundisha. Ujumbe wangu hautamlilia. Ataukuta siku atakayotaka kuufungua, kama ipo.

Kidole changu kilikuwa juu yake. Ungetosha mguso mmoja.

"Iko sawa?" akauliza.

"Iko sawa," nikasema, nikamrudishia.

Alinishika mkono, kwa adabu, kama anavyoshikwa mama mwenye nyumba. Pawabenki ilikuwa dirishani kwake, taa zote nne zikiwaka. Ilikuwa zamu yangu. Akainama kukwepa kizingiti cha juu, akatoka, na mlango wa bati ukajifunga nyuma yake.