Gari Lisilo na Dereva

"Hiyo kitu hutamaliza wewe," baba mdogo Odoyo aliniambia nikiwa darasa la tano. "Itaozea kwa hilo boksi."

Plastiki haiozi. Hata hilo hakulijua, na ndiye aliyejiita msomi wa boma letu.

Namkumbuka kila asubuhi ninapofungua karakana yangu hapa Migori, harufu ya rangi ya enameli na thina ya kuiyeyushia inaponipiga puani. Wateja hukunja nyuso. Mimi huvuta pumzi ndefu kama mtu aliyefika kwao. Sisemi kwa kujisifu, ingawa haki ya kujisifu ninayo: nionyeshe mwingine kutoka Lambwe aliyesomea ufundi mpaka diploma, akafanya kazi ng'ambo akiunda magari ya kivita madogo ya kukaa kiganjani, kisha akarudi kuyaundia nyumbani. Vifaru vyangu hupanda ndege kwenda kwa watu wanaovikusanya. Wanaume wa mjini huniuliza kama nauza vitu vya kuchezea watoto. Nawatajia bei, wanakirudisha kifaru mezani kwa mikono miwili.

Lakini harufu ile sikuijulia ng'ambo. Niliijulia nyumbani, barazani, kando ya baba.

Baba alikuwa dereva jeshini. Aliendesha gari la deraya, lile la chuma kizito linalobeba askari. Likizo moja alirudi na boksi alilopewa na askari wa kigeni aliyefanya naye kazi. Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki ya kijivu vilivyoshikana kwenye fremu kama ndizi kwenye mkungu. Ukivikata na kuviunganisha, unapata gari lilelile alilokuwa akiliendesha. Alikuja pia na vikopo vya rangi, vidogo kama vya dawa ya kuchua, na kitabu kinene cha picha kilichoonyesha kila nati na kila mkwaruzo wa magari hayo.

Vifaa vingine tuliazima. Kinyozi wa sokoni alitupa wembe. Shangazi Akinyi, dada yake baba aliyekuwa na saluni Migori, alitupa chupa ya rangi nyekundu ya kucha kwa ajili ya taa za nyuma. Dani, mama yake baba, alikata nywele za mkia wa ndama akatufungia brashi.

"Mtarudisha," alisema. "Huyu ndama ataudai mkia wake."

Kitabu kilionyesha magurudumu yenye vumbi jekundu. Baba akachanganya rangi mpaka ikawa nyeusi, kama udongo wetu wa Lambwe unaonata miguuni wakati wa mvua.

"Baba, kitabu kinasema nyekundu."

"Kitabu hakijui kwetu," akasema. "Acha liende na udongo wa nyumbani."

Kazi ya mwisho ilikuwa dereva, mtu mdogo asiyezidi kidole gumba changu. Baba alimpaka sare, kisha, akiwa ameshika pumzi, akamchorea masharubu kama yake. Rangi haikuwahi kukauka kabla ya likizo kwisha. Akamsimamisha dirishani, akanionya: "Usifunge paa. Paa likishabandikwa, dereva haingii tena. Nikirudi nitamkalisha mwenyewe."

Hakurudi. Walikuja wanaume wawili wenye sare, wakazungumza na mama wakiwa wamevua kofia. Gari la baba lilikuwa limekanyaga bomu lililotegwa barabarani, likaungua. Hapakuwa na mwili wa kuleta. Nduru ya Dani ilisikika mpaka kwa majirani ng'ambo ya mto, nao wakaipokea, ikapita boma kwa boma hadi ikatuzunguka.

Tulingoja, kwa sababu watu hawaachi kungoja kwa kuambiwa tu. Hatimaye wazee wakaamua. Kwetu, mtu akipotelea mbali na mwili usipatikane, huzikwa tunda la yago badala yake, lile tunda refu zito linaloning'inia mtini kama mkono wa mtu aliyelala. Mchungaji wetu wa Sabato hakulipenda jambo hilo. Alisimama karibu na ua, akasema ataomba tunda likishafunikwa.

Dani aliliosha yago kwa maji ya uvuguvugu, polepole, kama anayeosha mtoto. Akalivisha shati la baba, akalifunga vifungo vyote. Mimi nilitazama kwa hasira. Niliwaona watu wazima wote wamepatwa na wazimu. Baba yangu si tunda! Baba yangu nilikuwa naye mfukoni, kwenye ngumi, yule dereva mdogo wa masharubu akinichoma kiganja. Gari lilikuwa wazi mezani. Madhali dereva hakuwa ndani, nani angeniambia aliungua?

Sanduku lilipokuwa tayari, baba mdogo Odoyo alitoka nyumbani amelibeba gari letu.

"Tumwekee na hii," akasema. "Si alikuwa anaipenda? Huyu kijana hata hawezi kuimaliza."

Nilijitupa miguuni pake nikapiga kelele ambazo sikujua ninazo. Watu wakanishika. Ni Dani aliyewatuliza. Alilichukua gari, akachungulia ndani yake, kisha akaniinamia.

"Nyathina, mwanangu, ndani kuna mtu?"

"Hakuna. Dereva bado."

Aliitazama ngumi yangu iliyokuwa mfukoni.

"Basi rudisheni nyumbani," akawaambia. "Gari lisilo na dereva haliendi popote."

Wakamzika mwanawe bila gari.

Shangazi Akinyi ndiye aliyenichukua Migori, akanisomesha. Mengine mnayajua, nimeshajisifu vya kutosha. Nimeunda magari mengi na kufunga mapaa mengi, na hakuna mteja aliyewahi kurudisha kazi yangu. Lile moja tu ndilo lililobaki wazi kwenye rafu, na dereva wake kwenye mfuko wa kila suruali niliyoivaa.

Mwaka huu Dani aliniita. Macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, hatoki tena nje ya boma. Nikaona ni siku ya kurudisha vya watu. Shangazi nilimpelekea katoni nzima ya rangi za kucha. Kinyozi nilimpa pakiti ya nyembe, akacheka mpaka akaketi: "Omera, ule wembe ulikuwa umeshakufa hata nikiwapa!" Baba mdogo Odoyo hakuwa ameniazima chochote ila maneno.

Dani nilimletea brashi nzuri ya ng'ambo. Aliipapasa, akaiweka kando. Akapapasa gari, magurudumu, taa, paa lililo wazi. Vidole vyake vikaingia ndani.

"Nyathina, bado hakuna mtu?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokitazama kwa hasira siku ile. Yeye naye alijua kuwa lile ni tunda. Sote wawili tulikuwa na kitu kidogo tulichokiita baba, ila yeye alipata nguvu ya kufungua mkono.

Nilimtoa dereva mfukoni. Masharubu yalikuwa yamefutika zamani. Nikamkalisha kitini, nikapaka gundi, nikafunga paa. Kisha tukatoka, tukaketi kando ya kaburi la baba tukinusa gundi, harufu ileile ya barazani.

"Imekauka?" Dani akauliza.

"Imekauka."

Akapapasa nyasi nyuma yake, akanipa jembe.