Padua, Ulimi wa Mtakatifu, na Picha Niliyoapa Kuificha

Nimeuona ulimi wa mtu aliyekufa karibu miaka mia nane iliyopita.

Sitanii. Ulimi. Umewekwa kwenye kioo na dhahabu, na watu wamepanga foleni kuuangalia kama wanagawiwa mkate wa bure.

Kwa hiyo nyie wa hapa Johannesburg mnaosema bibi huyu ana ulimi mrefu, tulieni. Mwenzangu wa Italia wake umejengewa kanisa.

Nawaeleza mwenyewe yaliyotokea, maana huko mtaani kila mtu anasimulia kivyake, na kwenye simulizi zao mimi ndiye mbaya.

Nakaa Observatory, huku kilimani. Kwetu Morogoro. Marehemu mume wangu Ephraim alikuwa mkimbizi wa siasa kule kwetu. Nchi yao, hii Afrika Kusini, ilipofunguka akanifungasha pamoja na masufuria, tukaja. Masufuria yameshatoboka. Mimi bado nipo.

Mwaka huu mwanangu Deo na mkewe Chloé wakaamua bibi apelekwe kupumzika. Siku tatu, Italia, mji unaitwa Padua.

"Mama, huko kuna historia," Deo akasema.

"Historia ninayo mgongoni. Viti vipo?"

Chloé alikuwa ameshapanga kila kitu cha kuona, asubuhi hadi jioni, mpaka saa ya kwenda msalani. Yule ni binti wa Joburg halisi, hata chafya anaiwekea miadi.

Habari zikamfikia Pascasie. Huyu ni Mrundi, amepanga chumba changu cha uani, anauza mboga mjini karibu na kituo cha teksi. Mkatoliki mpaka kwenye mifupa. Mimi Mlutheri. Tunavumiliana.

Akaja jikoni, akafunga mlango nyuma yake.

"Mama Deo, ni Padua ile ya Mtakatifu Antoni?"

"Sijui ya nani. Mimi nimeuliza viti tu."

Hakucheka. Akafungua kitambaa, akatoa picha ya studio, ya zamani, imewekewa plastiki. Msichana na mvulana wamekakamaa mbele ya pazia la maua kama wamekamatwa na polisi.

"Huyu ni miye. Huyu ni mdogo wangu, Firmin."

Vita vilipofika kwao Burundi, mama yao alimpa kila mtoto nakala moja ya picha hiyo. Mkipotezana, akawaambia, onyesheni hii. Wakapotezana kweli, kwenye umati wa watu wanaokimbilia Tanzania. Mama alifia kambini. Firmin hakuonekana tena. Miaka ya karibuni mtu mmoja akamwambia Pascasie kwamba kijana alivuka bahari, yuko Italia.

"Mtakatifu Antoni ndiye anatafuta vilivyopotea," akasema. "Miye makaratasi yangu ya ukimbizi hayapandi ndege. Kaiguse hii kwenye kaburi lake, halafu unirudishie. Na huko njiani ukiona mtu mweusi, mwangalie vizuri uso."

"Na hapa Joburg umeshawaonyesha watu?"

Aliguna kama nimemkanyaga.

Kumbe aliwahi, mwaka ule alipofika. Akatokea mwanamume, analia tangu getini: "Dada yangu! Dada yangu!" Akapikiwa, akapewa kitanda, Pascasie akalala chini. Baada ya wiki kadhaa kaka wa watu akaondoka na televisheni.

"Tangu hapo naonyesha mtakatifu peke yake. Apa, Mama Deo. Hakuna mtu ataona picha hii."

Nikaapa kwa jina la marehemu Ephraim. Yeye alinijua. Naamini alicheka huko aliko.

Haya, mnaopenda utalii, sogeeni.

Padua kuna kanisa dogo limechorwa ndani lote, bluu kama kanga mpya, nyota za dhahabu juu. Wanasema lilijengwa na mtoto wa mla riba ili kumpunguzia baba yake moto. Kabla ya kuingia mnafungiwa kwanza kwenye chumba cha vioo mpoe, msije mkaharibu michoro kwa pumzi zenu. Kwa umri huu nilikuwa sijaambiwa kuwa pumzi yangu ni hatari, isipokuwa na Ephraim.

Ukishaingia, hujamaliza hata kumtafuta Yesu ukutani, unatolewa. Lakini jehanamu niliiona. Shetani mnene anatafuna watu, na wala riba wamening'inizwa kwa kamba za mikoba yao wenyewe. Nikawakumbuka wakopeshaji wa Hillbrow, moyo ukasuuzika.

"Mama, unacheka nini?" Chloé akauliza.

"Sanaa," nikamwambia.

Kuna uwanja mpana, mfereji umeuzunguka, na masanamu ya wakubwa wa zamani pembeni, mengi kama foleni ya vitambulisho kule Home Affairs, nayo pia hayasogei.

Kuna ukumbi wenye farasi wa mbao mkubwa kama nyumba. Chini yake soko. Nyanya zimepangwa vizuri, nakubali. Lakini mwombe muuzaji nyongeza uone. Yule baba aliniangalia kana kwamba nimemwomba figo.

Kuna chumba ambamo wanafunzi wa udaktari wa zamani walisimama ngazi juu ya ngazi, kama mashabiki wa mpira, wakitazama maiti ikipasuliwa. Na kuna kahawa ya mnanaa. Ukitaka kujua ladha yake, kunywa kahawa yako kabla hujasukutua dawa ya meno.

Ila mimi macho yangu yalikuwa kwa watu. Kila mwanamume mweusi aliyepita nilimkagua. Kuna Msenegali mmoja anauza miavuli, nilimtazama mpaka akavua kofia.

"Mama Africa, unanijua?" akauliza kwa Kiingereza.

"Bado," nikasema.

Akaniuzia mwavuli. Jua lilikuwa linawaka.

Deo aibu ikamshika. "Mama, acha kukodolea watu macho!"

"Si mmenileta kutazama? Natazama."

Siku ya mwisho tukaenda kwa mtakatifu mwenyewe. Ulimi nimeshawaeleza. Kaburi ndilo sikulitegemea.

Ni marumaru. Watu wanapita mmoja mmoja, wanaweka kiganja, wanafumba macho. Pembeni zimejaa picha: watoto, wagonjwa, bibi harusi, kijana kwenye pikipiki. Hakuna anayepiga kelele. Mbele yangu mzee mmoja wa Kizungu alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye jiwe, mabega yanacheza.

Utani ulinikauka, nisiseme uongo.

Zamu yangu ikafika. Nikaitoa picha, nikaibana kwenye jiwe kwa mkono wa kushoto. Jiwe la baridi. Nikasema, "Antoni, mimi si mtu wako. Nimetumwa. Huyu mtoto anaitwa Firmin."

Halafu kwa mkono wa kulia nikachomoa simu, nikapiga.

Imekatazwa kupiga picha mle. Mlinzi akanijia anapuliza "shhh!" kama anafukuza kuku. Nikaigeuza simu juu chini, nikamwonyesha uso wa bibi asiyejua hata inawashwaje. Ukiwa na mvi kazi hiyo haina mafunzo.

Tulipofika hotelini nikatuma picha zangu kwenye kundi letu la wasapu, la wamama wa Kiswahili wa Joburg. Farasi. Uwanja. Kidole gumba changu. Na ile ya kaburini: kiganja, marumaru, na kwa bahati mbaya, katikati kabisa, msichana na mvulana mbele ya pazia la maua.

Niliapa hakuna mtu ataona. Kundi si mtu. Kundi ni kundi. Na Pascasie hayumo, hatuamini.

Chai haijapoa, simu ikalia. Happyness, Mtanzania mwenzangu, anasuka nywele kule Berea.

"Bibi! Shikamoo! Hiyo picha umeitoa wapi?"

"Marahaba. Kwa Mtakatifu Antoni."

"Acha utani bibi! Hiyo picha iko kwa fundi wangu! Ameitundika juu ya cherehani, kila nikipeleka nguo naiona. Fundi Firmin!"

"Fundi Firmin wa wapi?"

"Wa hapa hapa Berea! Nyuma ya spaza, kile kiduka cha Wahabeshi!"

Eish.

Nimezunguka Italia nakagua wauza miavuli, na mtu yuko teksi moja kutoka jikoni kwangu.

Nikamweleza ya Pascasie. "Sasa mbona hawajakutana miaka yote hiyo?"

"Watakutana wapi? Pascasie Mkatoliki, yule mlokole bibi. Jumapili yuko mjini, kwenye lile jengo la zamani wanakopiga ngoma mpaka vioo vinacheza. Na ukimuuliza habari za ile picha, anakuuliza habari za zipu yako."

Sasa nyie mnadhani niliporudi na habari hii nilipokelewa kwa vigelegele?

"Uliapa!" Pascasie akanifokea.

"Niliapa."

"Na huyu ataondoka na nini? Televisheni sina tena!"

Akajifungia chumbani. Jumamosi Happyness akamleta fundi mpaka uani kwangu. Mwanamume mwembamba, futi ya kupimia bado iko shingoni, picha ameikumbatia kifuani. Nikagonga mlango mpaka Pascasie akatoka. Ametoka na mwiko.

Akaitazama picha ya mgeni. Akatoa yake. Sawasawa, ua kwa ua.

"Picha inaibiwa," akasema. Sauti haikuwa yake. "Weye. Siku ile tulipopigwa picha, ulivaa viatu gani?"

Niliangalia picha. Imeishia magotini. Viatu havionekani.

Mwanamume akashusha macho kwenye miguu yake. Happyness akanitazama, nami nikamtazama. Hapo Mlutheri mimi nilikuwa namwita Antoni chini chini kwa jina lake.

"Viatu?" akasema polepole. "Viatu ulivaa weye. Vilikuwa pea moja. Miye nilikuwa peku, mama akaona aibu, akamwambia mpiga picha akate miguu. Na ukanikanyaga."

Mwiko ulianguka.

"Mana yanje," Pascasie akasema. Mungu wangu.

Hakumkumbatia. Alipiga magoti pale kwenye saruji, akamshika viatu, vyote viwili, akalia. Yule kaka alikuwa anamvuta ainuke, na yeye mwenyewe haoni mbele.

Mimi niliingia ndani kuangalia sufuria. Hakukuwa na sufuria motoni.

Nilipotoka, wanagombana.

"Tumshukuru Mtakatifu Antoni!"

"Dada, mshukuru Yesu. Hao watakatifu ni wafu."

"Mfu gani? Amekupata weye!"

"Nilikuwa nimepotea? Nilikuwa Berea!"

Miaka karibu thelathini hawajaonana, na hawakuweza kumaliza saa moja bila kugombana. Hapo ndipo nilipoamini kweli ni ndugu.

Mimi je? Mimi hakuna aliyenishukuru. Mlokole amemshukuru Yesu. Mkatoliki amewasha mshumaa kwa Antoni, kisha akaninunia wiki mbili kwa kuvunja kiapo. Chloé ananiuliza kwa nini picha zote za Padua zina migongo ya wanaume.

Ila sikilizeni, wanangu. Ukimtafuta mtu wako halafu ukaficha uso wake sandukuni, unamfungia na yeye humo humo. Waonyeshe watu. Ndiyo, mmoja atakuja na machozi ya uongo aondoke na televisheni. Aende nayo.

Na kusali, salini. Lakini mkishamwambia mtakatifu, mwambieni na msusi. Mtakatifu ana foleni ndefu. Msusi ana simu.