Sanduku la Jua la Mama Nasimiyu

Mwanamke mwenye jiko la makaa humpikia mgeni aliyekwisha fika. Akisikia hodi ndipo anapuliza moto. Mwenye sanduku la jua hana njia hiyo. Yeye lazima aamini asubuhi kwamba mgeni atakuja mchana, atie sufuriani chakula cha huyo mgeni, afunike, angoje. Mgeni asipokuja, atakila mwenyewe jioni, na kesho atakula kiporo chake. Asenath Nalianya wa Shauri Moyo, Nairobi, alilijua hilo kuliko watu wote, kwa maana kila Ijumaa aliloweka maharagwe ya watu wawili, na kila Jumamosi mtu wa pili hakuja.

Mtu huyo wa pili alikuwa binti yake, Nasimiyu, aliyezaliwa wakati wa kiangazi na kupewa jina la kiangazi hicho. Siku aliyochukuliwa alisema, "Mama, nitakuwa nakuja Jumamosi." Hakusema Jumamosi gani.

Sanduku lenyewe lilikuwa sanduku ndani ya sanduku. La nje lilikuwa la mbao, la ndani la bati lililopakwa rangi nyeusi, na katikati pakashindiliwa vumbi la mbao kama pamba kwenye godoro. Juu palikuwa na kioo, na juu ya kioo mfuniko uliobandikwa karatasi ya fedha, ile inayotandikwa ndani ya masanduku ya majani chai, ili ilitupe jua ndani kwa nguvu. Pembe moja ilikuwa imepinda. Lilikuwa la kwanza, na aliyelitengeneza alikuwa bado anajifunza.

Aliyelitengeneza ni Lusweti, mume wa Asenath. Huyu alikuwa fundi wa mabati kule kwa wagonga nyundo, akitengeneza makarai na ndoo, mpaka siku walipokuja watu wa mradi wakitafuta mafundi wa kuunda majiko ya jua. Alirudi nyumbani amewaka uso kama mtu aliyeokota kitu.

"Asenath, kuni zitaisha," alisema. "Makaa yataisha. Jua ni la bure, na halina mwenyewe."

Siku ya kwanza waliweka ugali, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba ugali unataka mwiko na mkono. Unga ukabaki uji wa vuguvugu wenye madonge. Lusweti aliunywa wote akapangusa midomo, akasema ni mtamu. Miaka imepita, na Asenath bado hajui kama alidanganywa siku ile au alipendwa. Pengine vyote viwili.

Ni yeye aliyejifunza njia za sanduku lile. Mumewe aligonga mabati, yeye akala mbichi mpaka akajua kupika. Kisha siku moja wakapelekwa kwenye ukumbi wa kanisa kuwaonyesha akina mama, na mama mmoja akauliza jiko hilo lina faida gani kama linachukua nusu siku. Lusweti akaanza kueleza habari za misitu. Wanawake wakapiga miayo. Asenath, ambaye hakuwahi kukalia dawati la shule wala kusimama mbele ya watu, akasema alichokijua.

"Jua linapika. Mimi nakaa na mtoto wangu."

Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Maneno hayo yalienda mbali kuliko mwenyewe. Mradi ulipokua, walitaka mtu wa kuwaeleza wageni kwa Kiingereza, akaletwa Teresiah, msichana aliyefika kidato cha nne, mwenye viatu vya kisigino na sauti ya redio. Akawa anasimama kwenye kumbi na kusema, "Jua linapika, mama anakaa na mtoto wake," na watu wanapiga makofi vilevile. Alianza na maneno ya Asenath, akamalizia na mume wa Asenath.

Lusweti na Teresiah walihamia Donholm, kwenye nyumba ya mawe yenye geti lake. Watu waliofika huko walisema ndani mnapikwa kwa gesi.

Nasimiyu alifuata baadaye. Kaka yake Lusweti alikuja kumchukua, akakaa kwenye kiti bila kuvua kofia. "Shemeji, ng'ombe wa mahari walitolewa," alisema. "Mtoto ni wa ukoo. Na kule kuna shule nzuri." Sheria ya ng'ombe haimwulizi aliyezaa.

Asenath akabaki na chumba cha kanjo, nyumba za baraza la jiji, kibanda cha mboga soko la Gikomba, kitanda kidogo kisicho na wa kukilalia, na sanduku lililopinda. Hilo Lusweti aliliacha kwa sababu lilikuwa baya la kuonyesha wageni.

Jirani yake Wangeci aliuza makaa pale pale uani, mweusi mikono mpaka viwikoni, na ulimi wake haukupumzika. Kila Jumamosi alimwona Asenath akiligeuza sanduku kufuata jua, na kila Jumamosi alikuwa na neno.

"Mama Nasimiyu, leo umempikia nani tena? Malaika?"

"Nimempikia mtoto wangu."

"Mtoto wako ako Donholm anakula kuku. Kuja nikupimie mkebe moja, upike ya mtu mmoja, uache kusumbua jua."

"Makaa yako sinunui hata jua lianguke."

"Likianguka litaanza na hiyo sanduku yako, vile imepinda."

Walicheka wote wawili, lakini Asenath alimaanisha. Aliapa kwamba moto wa makaa hautaingia tena nyumbani kwake. Kulitumia sanduku lile kulikuwa ni kusema kwamba kitu fulani hakijaisha. Mtu angemwuliza ni kitu gani, asingeweza kukitaja.

Ukaja mwezi wa saba, na wa Nairobi mnaujua. Mbingu inafunikwa kama sufuria, na jua unalisikia kwa jina tu. Wiki nzima Asenath alikula mkate mkavu na chai aliyonunua kibandani. Hata hivyo Ijumaa ikafika akaloweka maharagwe, na Jumamosi akalitoa sanduku uani, akatia maharagwe na viazi vitamu, akaelekeza mfuniko kwenye wingu.

Na Nasimiyu akaja siku hiyo.

Alisimama kwenye kona ya nyumba, amerefuka, sweta ya shule mpya, nywele zimesukwa na mkono usio wa Asenath. Jumamosi zote za jua kali hakuja. Alikuja siku ya wingu.

"Mulembe, mama."

"Mulembe." Sauti ilimtoka nyembamba. Akamshika mikono, akamshika mabega, akamtazama miguu kama anayehakikisha hakurudishiwa mtoto mwingine. "Nani amekuleta?"

"Baba. Ako Gikomba anapakia mabati kwa pikapu. Akimaliza atapiga honi."

Asenath akageukia sanduku, akafungua kioo, akagusa sufuria. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Maharagwe yalikuwa magumu vile vile kama yalivyotoka kwenye maji.

Hapo ndipo kichwa chake kiliposhika njia moja na kuacha nyingine zote. Mtoto aliyetoka nyumba ya mwanamke mwingine hawezi kurudi huko na tumbo tupu. Atasema nini akifika? Kwamba sufuria ya mama yake ni baridi? Teresiah angelisikia hilo akiwa amesimama mbele ya gesi yake. Asenath akavuka uani, akasimama mbele ya magunia.

"Wangeci, nipe makaa."

Wangeci alifungua mdomo kusema kitu, akaona uso wake, akaufunga. Akampimia mkebe uliojaa mpaka ukamwagika, akamwazima na jiko.

Lakini makaa ya mwezi wa saba yana unyevu. Asenath alipuliza, moshi ukapanda, cheche zikafa. Akaongeza karatasi. Akapuliza tena, amepiga magoti, mgongo ameuelekeza mlangoni.

"Mama, wacha tu," Nasimiyu alisema nyuma yake. "Sina njaa."

"Ngoja. Yanashika sasa."

"Mama, nilitaka kukuuliza kitu."

"Utaniuliza ukiwa unakula. Nipe mafuta ya taa hapo nyuma ya mlango."

Msichana akamletea. Akasimama kidogo, akatoka nje, akakaa kwenye gunia tupu karibu na Wangeci. Asenath aliwasikia wakiongea, hakusikia wanasema nini. Alikuwa anapuliza. Moto uliposhika kweli, akaweka sufuria juu yake, maji yakaanza kutoa sauti ile ndogo ya kwanza, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Ndipo honi ikalia barabarani.

"Mama, ni baba."

"Mwambie angoje. Mwambie viazi vimeanza kulainika."

Honi ikalia tena. Nasimiyu akainama, akampangusa mama yake jivu shavuni kwa kiganja, polepole, kama anayefuta kioo. Kisha akaenda. Asenath alibaki na mwiko mkononi.

Chakula kiliiva vizuri sana. Aliviponda viazi na maharagwe pamoja, kama mtoto alivyokipenda, akakitazama kikipoa. Wangeci akaja kuchukua jiko lake, akakataa kuketi.

"Alikuuliza?" alisema.

"Aniulize nini?"

Wangeci akaangalia chini. "Aliniuliza mimi kama kitanda yake bado iko. Nikamwambia hiyo si ya kuniuliza mimi, aulize mama yake."

Kitanda kilikuwa pale pale nyuma ya pazia, shuka imetandikwa, hakuna aliyekikalia tangu Nasimiyu aondoke. Neno lililotakiwa lilikuwa dogo kuliko punje ya haragwe. Na yeye alikuwa amempa mtoto mgongo. Siku nyingi baada ya hapo, akiwa kibandani anafunga mafungu ya sukuma wiki, alijisikia akisimama kwenye ule ukumbi wa kanisa na kusema yale maneno yake, na kila mara aliyakatiza kabla ya kufika mwisho. Aliibiwa na Teresiah, ndiyo. Lakini siku ile ya wingu alijiibia mwenyewe.

Mawingu yalikaa. Jumamosi zilipita, mtoto hakurudi, na Asenath akawa anaamka na kuangalia mbingu kama mtu anayengoja mshahara. Ilipofika mwezi wa nane ukielekea mwisho, siku moja alfajiri anga likatokea safi, bila hata utepe wa wingu. Ilikuwa Jumamosi. Maharagwe yalikuwa yamelowa.

Hakulitoa sanduku uani. Alilifunga kamba, akavingirisha leso akaiweka kichwani, akamwita Wangeci amtwike.

"Unapeleka wapi?"

"Juani."

"Hata hapa liko."

"La hapa halina mtu."

Wangeci akalisawazisha juu ya kichwa chake, akavuta kamba kuona kama imekaza. "Ukifika, usimtukane yule mwanamke."

"Sina kazi na yeye."

"Basi mtukane kidogo tu, kwa niaba yangu."

Alitembea kwa Barabara ya Jogoo, shingo imenyooka, sufuria mkononi. Vijana waliokaa kwenye ukuta wakamwita, "Mama, umehamisha meko?" Akawajibu kwamba meko ndiyo yamemhamisha. Jua lilikuwa limeanza kuuma alipofika Donholm. Akauliza nyumba ya fundi wa majiko, akaonyeshwa geti la kijani. Mbele yake, ng'ambo ya barabara, palikuwa na majani yasiyo ya mtu. Akalitua sanduku hapo, akafungua mfuniko, akalielekeza, akatia sufuria, akaketi juu ya leso yake.

Pazia likasogea. Likasogea tena. Kisha geti likafunguka, akatoka Lusweti amevaa fulana na kandambili, tumbo limeanza kumtangulia.

"Asenath, unatafuta nini hapa?"

"Napika."

"Nyumba yako iko Shauri Moyo."

"Jua halina mwenyewe, Baba Nasimiyu. Ulisema wewe."

Alitaka kukasirika, lakini macho yake yalikuwa yamefika kwenye ile pembe iliyopinda. Akaigusa kwa kidole gumba, kama mtu anayegusa kovu lake la utotoni. "Kumbe bado linapika," alisema. Akainama akachungulia kioo. Asenath aliona mvi kisogoni mwake ambazo hakuzijua.

"Ni ya watu wawili tu," Lusweti alisema.

"Ndiyo. Wewe hukuhesabiwa."

Lusweti akarudi ndani, na geti hakulifunga.

Kioo kilianza kutoa jasho kwa ndani, na Asenath akaligeuza sanduku kidogo lifuate jua. Halafu akasikia miguu kwenye kokoto. Nasimiyu akaketi kando yake juu ya leso, magoti yamegusana na ya mama yake, wakatazama sufuria wote wawili kana kwamba ndiyo iliyowaita.

"Haijaiva," msichana alisema.

"Bado sana."

Mikono ya Asenath ilikuwa mapajani, haina mwiko, haina moto, haina la kufanya.

"Siku ile ulitaka kuniuliza," alisema. "Niulize sasa."

Nasimiyu aling'oa jani, akalizungusha kidoleni. "Kitanda changu bado kiko?"

"Kiko. Nimekisogeza karibu na dirisha."

Msichana akatazama geti, kisha akatazama viatu vyake. "Na baba akikataa?"

Ng'ombe walikuwa bado wametolewa, na ukoo ulikuwa bado ukoo. Asenath akamvuta mtoto wake kidogo upande wake, mahali palipokuwa na jua.

"Leo akikataa, Jumamosi nitakuja tena," alisema. "Nitaloweka ya wawili. Endelea, niambie mengine. Chakula hiki kina safari ndefu."