Mkamwana Aliyeshona Chumba

Mke wa mwanangu watu wanamwita Mama Vifungo, na jina hilo si la kumpamba. Vifungo viko kila mahali nyumbani kwangu. Viko chini ya mto, viko kwenye sabuni. Kimoja nilikikuta mdomoni nikadhani jino langu la mwisho limeng'oka, nikakaa chini kabisa nikililia jino lile. Nikamwita aje aone msiba. Akaja, akakitazama, akasema, "Ahsante Mama, hicho nilikuwa nakitafuta tangu asubuhi," akakifuta kwa kanga na kwenda kukishona kwenye koti la mtu. Mwenye koti mpaka leo hajui, na mimi simwambii.

Ni fundi cherehani, na baba yake alikuwa fundi cherehani. Wanawake wengine huolewa wakaja na masanduku na mazulia. Huyu alikuja na meza. Tena si meza ya kulia chakula, ni ubao mmoja mzito wa kukatia nguo, mrefu kupita kitanda, unaokaa juu ya miguu miwili ya kuweka na kuondoa. Wanaume wanne waliubeba huku wanatoa ulimi, ukaingia sebuleni kwangu, na tangu siku hiyo sebule haikuwa sebule tena. Nilimnunia mwaka mzima. Hakuona. Alikuwa anakata mapazia.

Tukawa tunaishi kwa kufuata nguo. Kukiwa na sare za shule, tunakula jikoni tumesimama. Kukiwa na gauni la harusi, hatuongei kwa nguvu. Mgeni akija anakaa upande upande, na akiondoka anaondoka na pini. Mwanangu, ambaye kazi yake ni kuzunguka nyumba za watu akisoma mita za maji, akirudi jioni anakaa kwenye ncha ya ubao na kikombe chake, maana hapakuwa na ncha nyingine. Basi siku moja akapiga chafya. Chai yote ikaenda kwenye gauni la bibi harusi. Jeupe. La kuvaliwa kesho yake.

Nikasema leo patachimbika. Nikavuta kiti nione vizuri.

Hapakuchimbika. Mwanamke alinyanyua gauni, akafumua kipande cha mbele chote, akakata kingine, akashona mpaka likaisha, akalining'iniza. Ndipo akamgeukia mumewe. "Baba watoto, tunaongeza chumba."

Mwanangu akasema, "Tutaangalia."

Hilo ndilo neno lake tangu utotoni. Ukimwambia nyumba inaungua, atakwambia tutaangalia.

"Umeshaangalia vya kutosha," mkewe akamjibu. "Chumba cha kushonea, pale ubavuni kwenye kamba za nguo. Naanza Jumatatu."

Jirani yetu mmoja, karani, mtu wa kujitia katika yasiyomhusu, akaja na karatasi amechora chumba, na mistari, na mishale. Mama Vifungo akaigeuza juu chini. "Shemeji, hapa mimi nitapita wapi?"

"Hapa, unafuata mshale."

"Mimi kitako changu si mshale, shemeji."

Akamrudishia karatasi yake kwa adabu, akaenda kukusanya viraka, mashuka yaliyochakaa na magunia, akaanza kushona. Nikamuuliza anashona nini. Akasema, "Chumba, Mama." Nikadhani akili imeruka kwa joto. Lakini kweli alishona chumba. Alipomaliza alitandaza nje, ubavuni mwa nyumba, nguo kubwa ya rangi zote kama shamba la kichaa, kisha akatoa vitu vyake na kuvipanga juu yake: ubao, cherehani, pasi, kiti cha mteja. Akaketi, akashona asubuhi nzima hapo hapo juani. Akitaka kutoka, anasimama, anazunguka mpaka pale alipoacha pengo la mlango, anatoka. Mtu akikatisha, anamfokea: "Wewe! Umepita ukutani!"

Mtaa mzima ulikuja kutazama. Na mimi nikaenda, nimpe maneno yangu, nikakanyaga ile nguo. "Mama," akaniambia, pini mdomoni, "mlango uko kule." Nikazunguka nikapita mlangoni. Mpaka leo najishangaa.

Alikaa humo siku kadhaa. Akiona panambana, anafumua, anaongeza kiraka. Mwisho ubao ukakaa ncha kwa ncha, barabara, na nyuma yake pakabaki nafasi ya yeye kupita na mwili wake aliojaliwa. Akasema sasa nimekipata.

Akaitwa fundi wa kujenga. Tunamwita Bado Kidogo, maana ndilo jibu lake kwa kila swali, hata ukimuuliza kama ameoa. Alipoona ile nguo alicheka mpaka kofia ikadondoka, halafu akasema hajawahi kupewa kazi rahisi namna hii. Akapiga vigingi kwenye pembe, akavuta kamba kufuata pindo la nguo, akaikunja na kumkabidhi mwenyewe. "Chumba chako hicho, mama. Hakizidi, hakipungui."

Hapo ndipo alipotokea binti yangu, kitinda mimba, tunayemwita Malkia. Jina alijipa mwenyewe. Anaishi chumba cha kupanga upande wa pili wa mji, kwetu huja chakula kikiiva. Akaruka kamba, akasimama katikati, akanyoosha mikono. "Hewa safi! Kitanda changu kitakaa hapa, kabati la nguo pale."

Mama Vifungo akasema, "Wifi, pale ni pasi."

"Pasi inakaa popote, wifi yangu. Mtu hakai popote. Mimi nimechoka kupanga, na hapa ni kwa kaka yangu."

Nikamtazama mwanangu. Mama Vifungo naye akamtazama. Mwanangu akatazama kamba. "Tutaangalia," akasema.

Nikajua tumekwisha. Mwanangu hajawahi kumnyima kitu dada yake. Wakati wanasoma alimbeba mgongoni kwenda shule, miguu yake Malkia mizima kabisa, ila viatu vilikuwa vipya. Na Mama Vifungo alijua, maana siku ile alishona mkono wa shati akaugeuza nje ndani, kitu ambacho sijamwona akikifanya kabla wala baada. Chumba kile kingekuwa cha cherehani au kingekuwa cha Malkia. Viwili haviingii.

Ujenzi ukaanza, na raha ikaondoka. Mchanga uliachwa mlangoni, kwenda chooni mpaka upande mlima. Simenti ikaingia kwenye nyusi, kwenye chai, kwenye sala. Redio ya Bado Kidogo ililia kutwa nzima, na yeye akaimba kuishinda. Akachukua ndoo yangu ya kuogea bila kuniomba, akakorogea udongo wake. "Bibi, bado kidogo nakurudishia." Nikamwambia bibi yake yuko kwao. Ndoo ile imeganda simenti mpaka leo, na salamu zake mpaka leo naziitikia nusu.

Kisha akabomoa ukuta wa sebule atoe mlango wa kuingilia chumbani, na chumba chenyewe hakijapanda kufika magotini. Nikawa nakunywa chai mbele ya barabara kama sanamu ya dukani. Watu wanapita: "Shikamoo Bibi! Naona leo mkate una siagi!" Nikaacha siagi.

Mwenzangu wala hakuyumba. Alijifunika shuka yeye na cherehani yake vumbi lisiingie, akashona humo ndani kama mchawi, na mteja akitaka kupimwa anainua pindo na kupiga hodi. Matofali yakichelewa anatoka anabeba mwenyewe, tepu shingoni. Na kila tofali likipanda, Malkia naye anakuja kulisifia. "Dirisha hili nitaliwekea pazia la waridi. Wifi utanishonea, eeh?"

"Nitakushonea, wifi, la huko unakokaa."

Mwanangu yuko pembeni anasafisha kucha.

Basi mabati yakapigwa, sakafu ikakauka, siku ya kuhamisha ubao ikafika. Wakaitwa wanaume, na safari hii walikuwa na vitambi, wakaunyanyua kutoka sebuleni, wakapita nao mlangoni. Ncha moja ikagusa ukuta wa nyuma. Ncha nyingine ikabaki hewani, haishuki. Ukuta wa mbele, ule unaotazama barabara, uliikataa.

"Sukumeni," akasema Mama Vifungo.

"Tusukume wapi? Tumefika."

Wakajaribu kuulaza mshazari, ukaziba mlango, wanaume wawili wakanasa ndani ikabidi watokee dirishani. Ubao ulizidi kiasi cha kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Mama Vifungo akaenda kuleta ile nguo yake, akaitandaza chumbani. Pande zote ikapanda ukutani kama sketi.

"Fundi," akasema polepole. "Umekula kitambaa."

Bado Kidogo akavua kofia. "Mama, mimi kamba yangu nimeweka pindoni. Ukuta nimeupandisha kwa ndani ya kamba. Pindo ni mwisho wa nyumba."

"Mwisho wa nyumba? Mimi nguo naipima kwa mwili ulio ndani! Nafasi ya mshono inakaa nje!"

"Aa. Sisi ukuta hauna nafasi ya mshono, mama."

"Na mimi ningejuaje?"

"Na mimi ningejuaje?"

Wakatazamana kama watu waliooana kwa makosa. Wote walipima, wote wakapatia, na kuta mbili zikawa zimesimama pale alipotakiwa asimame binadamu.

Wakati huo huo nasikia magurudumu. Mkokoteni. Juu yake kitanda, godoro, na kioo kirefu, na nyuma yake Malkia na mwavuli. Nani alimpelekea habari sijui, ila harufu ya bahati anaisikia tangu mbali. Akachungulia, akaona ubao hautoshi, uso ukamng'aa.

"Maskini wifi! Ndiyo Mungu alivyopanga. Kitanda changu kifupi, kitaingia vizuri tu."

Mwanangu akakohoa. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakusema tutaangalia. Akasema, "Basi, mke wangu, meza irudi sebuleni. Dada alale humu."

Nikatamani kumchapa, na mvi zake zile. Nikafungua mdomo. Lakini Mama Vifungo alishampa mgongo. Alitoa pini kwenye kola yake akaziweka mdomoni moja moja, kama anavyofanya nguo ikimgomea na mteja ameshaivaa. Akasimama mbele ya ule ukuta wa barabara. Akatoa chaki yake, ile bapa ya kuchorea nguo, akapima kwa tepu kutoka sakafuni, akachora mstari kwa chini, mmoja kwa juu, akafunga pembeni. Akatema pini mkononi.

"Fundi. Toboa hapa."

"Hapa ukutani?"

"Gauni likimkaba mtu kwapani unafikiri namkata mkono? Nafumua. Toboa."

Bado Kidogo akamtazama mwanangu. Mwanangu akamtazama dada yake. Hapo mdomo wangu ukakataa kufungwa. "Unamtazama nani?" nikamwambia fundi. "Nyumba hii aliijenga marehemu mume wangu, na mimi ndiye niliyemchotea maji. Piga nyundo! Au nayo bado kidogo?"

Akapiga. Sijawahi kumwona akifanya kazi upesi vile. Tofali la kwanza likaangukia barabarani, la pili, vumbi likamfunika Malkia na mwavuli wake mpaka akawa mweupe kama mkate haujaingia jikoni. Wanaume wakauinua ubao, wakausukuma, ukapita kwenye lile tundu taratibu, ncha yake ikatokeza nje juu ya barabara. Ukakaa. Mguu mmoja wa mbao ulibaki hauna kazi, maana ukuta wenyewe sasa ulikuwa mguu.

Halafu mama mmoja aliyekuwa anapita na kitambaa kwapani akasimama, akakiweka kwenye ile ncha, akauliza, "Fundi, hii sketi itakuwa tayari lini?"

Mama Vifungo akainama tunduni. "Njoo Alhamisi, dada."

Malkia akajipangusa. "Kaka! Mimi nitalalaje chumba chenye meza inayotoka nje? Watu wataniwekea vitambaa usoni!"

"Kweli," akasema mwanangu, na nakuambia nilisikia raha katika sauti yake. Mtu amepewa sababu. "Haitawezekana, dada. Umeona mwenyewe."

"Hamna aibu!" akasema Malkia.

"Aibu tunayo," nikamwambia, "ila hatuna pa kuiweka, chumba kimejaa." Mkokoteni ukageuka na kioo chake.

Tundu limewekewa kidirisha cha mbao kinachoshuka juu ya ubao jioni, na upenu wa bati wateja wasinyeshewe. Hawaingii tena ndani kunikalia viti. Wanasimama nje, wanaweka vitambaa, wanasengenya, na mimi nimevuta kiti changu karibu na mlango wa sebule niwasikie bila kuonekana. Bado Kidogo anapita anaonyesha watu ile kazi eti ni ubunifu wake. Muongo mkubwa.

Malkia alisusa, kisha akaja na gauni limembana kiunoni. Alisimama nje, nyuma ya watu, kajifunika mtandio.

"Wifi, ingia ndani bwana, wewe si mgeni," akaitwa.

"Napita tu, wifi. Lini litakuwa tayari?"

Mama Vifungo akapima kwa macho, akaniangalia mimi, akashindwa kujizuia, akacheka. "Bado kidogo, wifi."

Hata Malkia alicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nakunywa chai yangu. Ina kifungo.