Vifukofuko Vilivyotobolewa

Severina Kalinga wa Mlandege ana huruma kupita kiasi, na huruma hiyo nusura imkoseshe kazi. Hufuga viwavi wa hariri katika chumba cha uani, akiwalisha majani ya mforsadi asubuhi, mchana na jioni, na huwaita wanangu bila kuona haya. Watoto wake wa kuzaa wamekwisha kuzoea kuwa wa pili.

Sasa, kazi ya hariri ina ukatili wake. Kiwavi akishajisokotea kifukofuko na kujifungia ndani, sharti apigwe mvuke afe kabla hajageuka nondo, maana nondo akitoka hukitoboa, na kilichotobolewa hakitoi uzi mrefu. Lea, mwenyekiti wa kikundi cha wafumaji chenye shamba la mforsadi, alikuwa amelisema hilo hadi mate yakamkauka.

Juni ile baridi ya Iringa ilikuja na hasira. Severina akijiandaa kwenda harusini Kilolo, aliviona vifukofuko vimetulia kwenye ungo, akawaza kwamba wanawe watapata kichomi. Akavihamishia jikoni, karibu na mafiga yenye joto. Harusi za huko haziishi siku moja. Aliporudi alikuta nondo weupe wametapakaa kila mahali, mmoja amekaa juu ya kifuniko cha sufuria kama mwenye nyumba. Hakikusalia kifukofuko kizima hata kimoja.

Lea hakugomba. Alisema tu kwamba majani atapewa mtu mwingine, na hilo liliuma kuliko matusi. Bila majani hakuna viwavi, na bila viwavi Severina hakujua angeamka asubuhi kwa ajili ya nini.

Alikwenda dukani kwa Suresh kununua magadi ya maharage, akamwaga yote ya moyoni palepale kaunta. Jinal, binti wa Suresh, alikuwa likizo kutoka chuo kimoja cha Mbeya, naye ana huzuni yake. Alikuwa anajifunza kutengeneza ute mzito wa hariri, laini kama uji uliopoa, wenye vitundu vidogo ambamo chembe hai za ngozi hushika na kuongezeka, ili siku moja usaidie majeraha ya moto. Lakini bibi yake, ambaye jikoni kwake hata yai haliingii, alikuwa amemwapisha kwamba hakuna mdudu atakayechemshwa hai kwa ajili yake. Jinal alikuwa karibu kuiacha kazi hiyo.

"Mama, hivyo vilivyotobolewa umevitupa?" aliuliza.

Severina alidhani anataniwa. Jinal akamweleza kwamba yeye uzi mrefu haumhusu: hata kifukofuko kizima hukikatakata kwa mkasi, akakichemsha na magadi kuondoa gundi, kisha akakiyeyusha. Bibi akaletewa kapu la vile vilivyotobolewa. Alikigeuzageuza kimoja, akachungulia tunduni, akauliza wenyewe wako wapi. Severina akajibu kwamba walitoka kwa miguu yao, tena wamemchafulia jiko. Bibi alicheka mpaka miwani ikamtoka, akamruhusu Jinal avinunue.

Lea lakini si mtu wa kuamini hadithi za dukani. Alisema hataamua habari ya majani mpaka aione kazi ya mteja huyo kwa macho yake. Likizo ilipokwisha yeye na Severina wakafunga safari hadi Mbeya.

Maabarani Jinal alitoa kisahani kwenye kabati la chuma, akakiweka chini ya hadubini. Severina akachungulia, akaona vidoa virefu, ndizo zile chembe za ngozi, vimeng'ang'ania hariri yake. Swali lake la kwanza likawa wanakula nini. Jinal akasema wana maji yao ya chakula, na hubadilishiwa hata Jumapili. Severina alifurahi. Kisha akauliza kwa nini wamefungiwa kabatini.

"Ni kabati la joto, mama. Wakipata baridi hawakui."

Severina akamgeukia Lea taratibu. "Umesikia, mwenyekiti?"

Lea aliinama naye akachungulia, akakawia pale kuliko ilivyohitajika.

"Majani," akasema bila kuinua kichwa, "tukirudi kachume mwenyewe."