Mraba Mwekundu Kwenye Ramani

Mwaka wetu wa mwisho katika cité ya zamani, mtaa wa weusi, mzungu wa ramani alituomba mawazo. Ndiyo, alituomba. Mpaka siku ile serikali ilikuwa imetuomba kodi, imetuomba karatasi, imetuomba tuzime taa; mawazo ilikuwa mara ya kwanza. Mimi niliyekuwa nikiuza samaki wakavu wa Pweto nilipaswa kushtuka papo hapo. Mteja akibadilisha ghafla anachokitaka, shika mfuko wako.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Élisabethville ilikuwa inapangwa upya kwa miaka thelathini ijayo. Kichochoro chetu kilikuwa ukingoni kabisa, mbele ya ule uwanda mtupu uliotenga weusi na wazungu, na uwanda ule, kwa macho yao, ulikuwa mwembamba mno. Nyumba zetu zingevunjwa ili upanuke. Sisi tungehamia kusini, kwenye majani marefu, mahali ambapo leo watu wanapaita Katuba na kudhani pamekuwa mtaa tangu Mungu alipoumba udongo.

Mimi sikuwa na neno juu ya nyumba. Nyumba ni matofali. Neno langu lilikuwa tumbo la mke wangu. Zamani, tulipokaa kwa wachoma matofali nje ya mji, alizaa mara mbili, na mara mbili mtoto alitufia njiani kabla hatujafika materniti, hospitali ya uzazi ya masista. Masista walituambia wazi: wa tatu azaliwe mikononi mwao, maana damu ya mama huyu ikianza kutoka haijui kusimama. Ndiyo sababu nilibembeleza, nikazunguka, nikabadilishana nyumba na mlevi mmoja mpaka nikapata pa kukaa katika kile kichochoro. Ukisimama mlangoni kwetu uliuona ukuta wa materniti. Na sasa tumbo lilikuwa la miezi saba.

Tulikutana uani kwangu kupanga maneno. Jirani yangu seremala, Mwislamu wa ukoo wa Maniema asiyetoka nje bila kofia yake nyeupe, ndiye aliyekuwa na sauti.

"Tukimuomba dispensari, atatupa kiti na kopo ya dawa nyekundu," alisema. "Tumuombe hospitali muzima."

"Na masista," nikaongeza.

"Na masista, na ambulansi. Kisha tutashuka polepole, mpaka kwa dispensari. Lakini ijengwe mbele ya kuhama."

Mke wangu alikuwa akichekecha unga. Hakuinua kichwa. "Na akikatala?"

"Akikatala tunasimama, tunaenda zetu. Ataita."

"Na asipoita?"

Tulicheka wote. Seremala akamwambia, "Mama, unalala na muntu wa soko miaka yote hii, na haujaona? Hakuna muntu anafika kwenye kona bila kuitwa."

Na kweli sokoni mambo yalikuwa hivyo. Hakuna bei iliyopatikana bila mgongo. Unataja chako, anataja chake, unatukana samaki, anatukana mfuko wako, unageuka, unaondoka. Hapo ndipo biashara inapoanza. "Baba, rudia basi! Baba, unakasirika bule!" Mimi mwenyewe nimewafuata wateja mpaka barabarani nikiwa na samaki mkononi. Kuondoka ilikuwa njia yetu ya kusema tunaitaka sana hiyo bidhaa.

Mkutano ulifanyika katika darasa la shule. Mzungu alitupa viti, akatusalimu kwa adabu iliyonitia wasiwasi. Ramani ilitundikwa ubaoni, imepakwa rangi nzuri: kijani kwa bustani, manjano kwa nyumba. Kando yake alisimama karani, mtu wetu mwenye suti na miwani, akigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili.

"Bwana anasema museme bila woga. Mji huu ni wa batoto yenu."

Nikauliza materniti iko wapi. Mzungu akafurahi kama mwalimu aliyeulizwa swali analolijua. Akaweka kidole kwenye mraba mwekundu, mdogo kama kipande cha sabuni kilichokwisha. Dispensari, na chumba cha kuzalia. Sikuamini, nikasogea niutazame tena. Ulikuwepo.

"Itajengwa siku gani?"

Wakasemezana. "Mwaka wa kumi," akasema karani, "kama bantu batakuwa bengi."

Seremala akasimama, akataja hospitali nzima, masista, ambulansi. Mzungu akatabasamu kwa huzuni, akasema haiwezekani. Basi, mambo yakawa kama tulivyopanga. Tukasimama wote, kichochoro kizima, tukageuka.

Tulitembea kama watu wanaomsindikiza bibi harusi. Mlangoni seremala aliinama kufunga kamba za viatu, na siku ile alikuwa amevaa ndala. Hakuna aliyetuita. Tukatoka nje, tukaegemea ukuta, tukatazama mawingu kwa makini makubwa. Mlango ukafunguka. Karani!

"Nilisema nini?" seremala akaninong'oneza.

Karani akamwendea akiwa na kofia nyeupe mkononi. "Baba, umesahau kofia. Na Bwana anasema asanti. Ameandika ninyi bote mumekubali."

"Tumekubali wapi? Shiye tumeondoka!"

"Kwabo," akasema karani, na naona alituhurumia kweli, "muntu iko na neno, anabaki."

Hapo nikaelewa. Muuzaji huita kwa sababu anataka kuuza. Yule hakuwa anauza kitu.

Kesho yake nilikwenda ofisini peke yangu, nikakaa barazani mpaka mchana. Sikuomba hospitali tena. Niliomba tuachwe mpaka mke wangu ajifungue, basi. Karani aliingia, akatoka. "Bwana anasema anaona taabu yako. Lakini malori yamekwisha kupangwa, na mupango haiwezi kungojea tumbo moja."

"Mwambie liko karibu kukwisha."

"Nimemwambia, ndugu."

Tulihama na kila kilichong'oleka: mabati, vyungu, milango. Barabara za kwenye ramani zilikuwa bado rangi tu. Lori lilizunguka mbali mno. Njia fupi ya kurudi mjini ilipita kwenye bonde la matope, na mvua zilikuwa zimeanza. Tulikubaliana kwamba wiki ya mwisho mke wangu akae kwa shangazi yake katika cité ya zamani. Uchungu haukungoja wiki ya mwisho. Ulimshika mchana mmoja akianika unga, na damu ikatangulia.

Nilimbeba mpaka ukingo wa matope, nikasimama. Nilijaribu hatua mbili, nikazama mpaka mapaja. Na mtu mikononi nisingefika katikati. Seremala alitazama, akarudi mbio, akang'oa mlango wa nyumba yake ambao alikuwa ameutia juzi tu, akaulaza juu ya matope. Wengine wakafuata. Kichochoro kizima kilibaki na nyumba wazi. Nilihesabu milango kumi na moja mpaka ng'ambo. Nilipomshika mke wangu mkono nikahesabu tena, ikawa tisa. Miwili ilikuwa imezama.

"Twende," akasema. "Usihesabu. Twende."

Tulivuka, yeye mbele, mimi nikimshika kiuno, seremala ndani ya matope akishikilia ubao usiteleze na kusema, "Taratibu, mama, hii ni mbao ya mulombwa, haikutupi." Tulifika ng'ambo. Mtoto hakungoja barabara. Alizaliwa kwenye majani, msichana, akalia mara moja, sauti nyembamba, kisha akanyamaza, na kila nilichojua cha kumfanya nilikifanya mara mbili, pumzi haikurudi.

Seremala alivua kanzu yake, akamfunika mtoto. Nilitaka kukaa pale chini. Lakini damu ya mama yake ilikuwa inashuka bado, na ukuta wa materniti ulikuwa mbali. Nikampa seremala mtoto, nikamweka mke wangu mgongoni, tukaanza kukimbia.