Wembe wa Siku ya Saba

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, anayemtoa mtoto tumboni mwa mama yake akiwa hajui kitu, akampa nguvu, kisha baada ya nguvu akamrudisha kwenye udhaifu na mvi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu. Namshukuru Mola kwa hali zote mbili, ingawa hii ya pili ilinichukua muda kuishukuru.

Katika nyumba yetu hapa Bulla Pesa, Isiolo, mtoto hunyolewa siku ya saba kama watoto wengine wa Kiislamu. Ila tuna jambo moja ambalo majirani hawana. Mzee wa nyumba anaponyoa, na bibi amempakata mtoto, baba na mama hushika kitambaa cheupe chini ya kile kichwa, kila mmoja pembe mbili, ili hata unywele mmoja usifike chini.

Jambo hilo lilitoka Burma. Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa lori katika jeshi la Mwingereza wakati wa vita. Lori lao liliharibika karibu na kijiji kimoja, wakakaa pale siku kadhaa wakingoja kipuri. Waliona mvulana amevishwa kama mwana wa mfalme, amepandishwa farasi, amefunikwa mwavuli wa rangi ya dhahabu, na kijiji kizima kinamfuata kwa ngoma. Siku hiyohiyo dada yake alitobolewa masikio. Kisha yule mvulana alivuliwa mapambo, akapigishwa magoti, na mtawa akamnyoa kichwa chote ili aingie kwenye nyumba ya watawa. Baba na mama yake walikuwa wameshika kitambaa cheupe kupokea nywele, na mama alikuwa analia huku anatabasamu. Baba yangu aliambiwa pia kwamba watu wa kule humpa mtoto jina kwa kufuata siku ya juma aliyozaliwa. Mwenzake wa Kiborana, ambaye kwao mtoto huweza kuitwa Asubuhi au Usiku kwa saa aliyozaliwa, akasema basi hawa ni jamaa zake waliopotea njia.

Baba hakucheka. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa Isiolo, akanyolewa, akaugua, akazikwa, na habari zote zilimfikia vitani katika barua moja. Aliporudi nikazaliwa mimi, akamwambia mama washike kitambaa. Dini ya wale watu hakuichukua. Nilipokuwa nasoma kwa maalimu wangu nilimuuliza kama tunakosea. Akaniuliza kama tunakiombea kitambaa, au tunaamini kinaleta heri. Nikasema hapana. Akasema basi ni kitambaa cha kuzuia nywele, wengine hutumia ufagio.

Baba alipofariki, wembe ulikuja kwangu. Nimewanyoa watoto wangu, wajukuu, na watoto wa dada yangu. Sikuwahi kumkwaruza hata mmoja, na jambo hilo nililipenda kuliko inavyofaa.

Mwaka huu, kuanzia mwezi wa Ramadhani, mkono wangu wa kulia ulianza kutetemeka. Mwanzoni kilikuwa kidole gumba tu. Nikajifunza kushika kikombe kwa mikono miwili, na watu wakadhani ni adabu. Sikumwambia mtu. Kisha mjukuu wangu wa kike, aliyengoja mtoto miaka saba, akajifungua mvulana. Alikuwa mdogo, kichwa kama chungwa, na utosi wake ulikuwa laini mno. Ungeweza kuona mapigo yakipanda na kushuka chini ya ngozi. Akanipigia simu kutoka hospitalini akiniita awowe, yaani babu, kama tunavyoita kwetu, akasema siku ya saba ni Alhamisi.

Jumanne nilinunua papai. Nililipaka sabuni nyuma ya nyumba nikajaribu kulinyoa povu lile bila kugusa ganda. Nililichana mara tatu. Mke wangu aliponikuta nalo nikamwambia nilikuwa natazama kama limeiva. Uongo mdogo ni uongo, na niliswali adhuhuri nikiwa nao kifuani.

Ningeweza kusema siku hiyo. Lakini nani angenyoa? Baba wa mtoto ni kijana wa Kiborana kutoka Merti, mchunga ngamia, mpole, mwenye maneno machache. Siku alipoleta posa mimi mwenyewe nilimweleza, kwa sauti ya kujivuna, kwamba kichwa cha mtoto wa nyumba hii hakiguswi na wembe wa mtu mwingine nikiwa hai.

Alhamisi ikafika. Mbuzi wawili wa akika walikuwa wamefungwa uani. Wazee wa msikiti walikuwa kwenye mkeka, wanawake mlangoni, na dada yangu mdogo mbele yao, ambaye ulimi wake haujawahi kuzeeka. Binti yangu, bibi wa mtoto, alikaa naye mapajani. Mjukuu wangu na mume wake wakapiga magoti wakakivuta kitambaa. Nikasema bismillahi, nikazilowesha zile nywele, nikaanza nyuma ya sikio la kulia.

Mkupuo wa kwanza ulikwenda vizuri, na wa pili pia. Nikaanza kufikiri kwamba Mungu amenisitiri. Mkupuo wa tatu mkono uliruka. Sikuuhisi ukiruka, niliuona. Mtoto akalia, na juu ya sikio ukatokea mstari mwembamba mwekundu, ukakusanyika, tone moja likaanguka kwenye kitambaa.

Wazee wote walinifungulia mlango wa kutokea. Mmoja alisema wembe ni wembe, mwingine kwamba hata kinyozi wa sokoni hukata, mwingine akaniambia niendelee tu mtoto asipate baridi. Binti yangu alibonyeza pamba pale, damu ikakoma. Mbali na yeye, waliokuwa karibu na ile mikono yangu ni wawili tu, wale walioshika kitambaa. Mume alikuwa anatazama chini. Mjukuu wangu alikuwa anatazama wembe, nao ulikuwa hautulii hata nikiwa nimeusimamisha hewani.

Nilipeleka mkono tena. Sasa nilikuwa nakuja kwenye utosi. Nitasema ukweli: nilikuwa naendelea. Nilikuwa nahesabu wangapi wananitazama, sikuwa namhesabu yule mtoto.

Mjukuu wangu hakupaza sauti. Alisema, "Awowe, hapo pako wazi bado."

Katika maisha yangu nimewafundisha watu wengi kwamba mwenye kiburi hata chembe yuko hatarini, na sikuwahi kujua kiburi kina uzito gani mpaka nilipojaribu kukirudisha kile kiganja. Nikaurudisha mkono. Nikauweka wembe kwenye bakuli la maji.

"Mkono wangu unatetemeka," nikasema. "Tangu Ramadhani. Nilijua, nikanyamaza."

Mke wangu aliyekuwa mlangoni akasema taratibu, "Lile papai," basi. Nikamgeukia kijana wa Merti nikamuuliza kama amewahi kunyoa mtoto. Akajibu kwamba kwao, kisimani, yeye ndiye aliyewanyoa wadogo zake wote, kwa kuwa baba yao alikuwa mbali na mifugo.

Dada yangu hakuweza kujizuia. "Sasa mchunga ngamia atamnyoa mtoto wetu kama kondoo?"

Yule kijana akatoa wembe majini, akaujaribu kwenye ukucha wake. "Kondoo hupiga teke, mama," akasema. "Huyu afadhali."

Wanawake wakacheka, hata dada yangu. Lakini sasa pembe mbili za kitambaa hazikuwa na mtu. Mimi ndiye niliyepiga magoti mahali pa baba, mkabala na mjukuu wangu. Kitambaa chote kikaanza kutetemeka kwa mkono wangu, kila mtu akaona, na nywele zilizokuwa pale zikawa zinacheza kama ziko kwenye upepo. Mjukuu wangu alivuta upande wake kidogo, kikatulia kiasi.

Yule kijana alinyoa polepole sana, akimpulizia mtoto kichwani kabla ya kila mkupuo. Alipofika utosini akazuia pumzi, na sisi sote tukazuia. Hakumgusa kwa nguvu. Wembe ulipita kama mtu anayefuta vumbi kwenye kitabu. Mtoto alikuwa ameshalala. Kisha kikabaki kichwa laini kabisa, chenye alama moja tu, ile yangu.

Sadaka ilitolewa kwa uzito wa zile nywele kama sunna ilivyo, mbuzi wakachinjwa, na mtoto akapewa jina. Baada ya chakula nilimwita baba yake kando, nikampa ule wembe wangu wa zamani na mpini wake. Nikamwambia yale maneno niliyosema siku ya posa yamefutika. Alikataa mara mbili kwa heshima, ya tatu akapokea. Jumatatu yake mjukuu wangu alinipeleka kwa daktari, mtoto mgongoni, akinishika mkono ule ule mbele za watu, nami sikuutoa.

Ewe unayesoma, Mungu akupe mkono thabiti siku zako za nguvu, na siku utakapotetemeka akujalie ulimi wa kusema mapema, na mtu wa karibu wa kukupokea. Awalinde watoto wako na makosa yetu sisi wazee, na akusamehe yako kama ninavyomwomba anisamehe yangu. Amina.